Tumbawe la Malindi Linaijua Nairobi

Mto Nairobi unanuka, na hilo halihitaji mtafiti. Ukivuka daraja pale Gikomba pua yako inakwambia. Lakini wengi wetu hatujawahi kujiuliza ule mto unaenda wapi ukishatoka machoni petu. Unapita Dandora, unaingia Athi, unapita karibu na Ol Donyo Sabuk, unateremka Ukambani chini ya uwanda wa Yatta, unaingia Tsavo. Huko unapewa jina lingine, Galana. Mbele zaidi unaitwa Sabaki. Kisha unamwaga kila ulichobeba kwenye Bahari Hindi, kaskazini mwa Malindi, karibu na Mambrui. Mamia ya kilomita, majina manne, maji yale yale.

Na huko mwisho wa safari kuna mnyama ambaye amekuwa akiandika habari zetu kwa miaka 300.

Ndiyo, mnyama. Tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni maelfu ya vijinyama vidogo laini, kila kimoja na mdomo wake na mikono midogo kuuzunguka, vinavyoishi vimebanana kama wapangaji wa ploti moja. Kila kimoja kinajijengea chumba cha chokaa. Kikishajenga, kinasonga juu kidogo na kujenga tena. Kile unachokiona kama jiwe ni vyumba vilivyohamwa. Wenye nyumba wako juu tu, ngozi nyembamba. Aina moja, ile ya mviringo ambayo wanasayansi huiita Porites, hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Kwa hivyo tumbawe lenye urefu wa mita tatu limeanza kukua kabla Mwingereza hajakanyaga hapa.

Ukilikata tumbawe kama hilo utaona mistari, mwaka baada ya mwaka, kama ile ya shina la mti. Na kwa vile linajenga kwa vitu vilivyomo kwenye maji, kila mstari unabeba ladha ya maji ya mwaka huo. Mto ukileta udongo mwingi, madini ya bariamu yaliyoshikamana na ule udongo yanaachia baharini, na tumbawe linayajenga ndani ya ukuta wake. Udongo mwingi, bariamu nyingi. Halisahau na halipendelei mtu.

Mwaka 2007 watafiti walichapisha walichosoma kwenye matumbawe mawili ya aina hiyo kutoka mwamba wa Malindi. Walikuwa wametoboa katikati na kutoa kipande kirefu cha duara, kama vile fundi anavyotoboa ardhi akitafuta maji. Kutoka karibu mwaka 1700 hadi 1900, kiasi cha udongo unaoletwa na Sabaki hakibadiliki sana. Miaka 200 ya utulivu. Halafu karne ya 20 inaingia na mchoro unaanza kupanda, na unaendelea kupanda. Kilele kiko kati ya 1974 na 1980, ambapo udongo ulifika mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili. Watafiti walitaja ongezeko la watu, matumizi ya ardhi yasiyo na mpango, misitu iliyokatwa, na ukame mkali wa mwanzo wa miaka ya 1970.

Nilisoma hiyo stori mwaka ambao nilikuwa nimeacha chuo, nikiwa na muda mwingi na bando kidogo. Shuleni nilifundishwa historia ya Kenya kwa tarehe: reli, walowezi, Emergency, Uhuru. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna nakala nyingine, chini ya maji, iliyoandikwa na kiumbe asiyejua Kiingereza wala hajawahi kusikia kuhusu Lancaster House.

Hebu tuiweke karibu na ile ya vitabuni. Reli ilifika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899. Baada ya hapo ikaja sheria ya ardhi ya 1902, kisha ya 1915, na ardhi nzuri ikagawiwa walowezi. Wakamba wakabanwa ndani ya mipaka iliyochorwa na serikali, na mifugo yao ikabanwa nao. Ng'ombe wale wale, nyasi kidogo, vilima vya Machakos vikaanza kuvuliwa nguo. Kufika miaka ya 1930, maafisa wa kikoloni walikuwa wanaandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo Ukambani. Wakaangalia makorongo, wakaangalia ng'ombe, wakaamua mkosaji ni ng'ombe. Ule mpaka waliouchora wenyewe hawakuuangalia.

Mwaka 1938 serikali ikaanza kuchukua mifugo ya Wakamba kwa nguvu na kuiuza kwa bei ya kutupa. Wakati huo huo, pale Athi River kulikuwa na kiwanda kipya cha nyama kilichohitaji ng'ombe. Maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, wakafunga safari hadi Nairobi wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Aliyewaongoza ni Muindi Mbingu. Ndiyo, yule wa Muindi Mbingu Street, pale unapopita ukienda City Market. Serikali ilirudi nyuma kuhusu ng'ombe, lakini yeye ikamkamata na kumhamishia mbali. Ikampeleka Lamu.

Hapo ndipo mimi hukwama kila nikiifikiria. Mtu aliyesema udongo wa kwao si kosa la ng'ombe wake alipelekwa pwani chini ya ulinzi. Na udongo wenyewe ulikuwa unaenda pwani peke yake, kila msimu wa mvua, bila askari wa kuusindikiza. Hukumu ya serikali iliandikwa kwenye faili. Ushahidi ukaandikwa kwenye tumbawe.

Sasa swali: kama rekodi hii imekuwa pale muda wote, mita chache tu chini ya maji, mbona sisi ndio wa mwisho kujua? Jibu fupi ni kwamba hatushuki. Jibu refu ni historia ya nani alishuka, kwa nini, na nani alimwambia nani abaki juu.

Tuanze na jambo moja: watu wa pwani hawakungoja mgeni awaonyeshe mwamba. Kuna kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kinaitwa Periplus. Mwandishi wake anaeleza kuhusu kisiwa kimoja cha pwani yetu ya Afrika Mashariki ambapo watu walikuwa na mitumbwi ya gogo moja na mashua za kushonwa kwa kamba, na walitega vikapu vya kusukwa kwenye milango ya maji kati ya mawimbi. Mtu yeyote wa Shimoni au Gazi akisoma hapo atacheka, manake hiyo ni karibu dema. Mtego ule ule, wa fito zilizosukwa, bado unashushwa leo kwenye mlango wa mwamba maji yakianza kupwa. Karibu miaka 2000, na teknolojia haijahitaji kusasishwa.

Halafu wakajenga miji kwa mwamba. Ukienda Gedi, karibu na Watamu, ukuta mwingi ni wa mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu. Lakini zile sehemu za heshima, mihirabu na miimo ya milango, zilihitaji jiwe laini zaidi. Hilo lilikatwa kwenye mwamba hai, baharini, likiwa bado bichi. Fundi analichonga mapema, kisha likipigwa na hewa linakuwa gumu. Chokaa ya kushikanisha vyote ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Kilwa ilijengwa hivyo, Lamu ikajengwa hivyo, na Fort Jesus yenyewe, ambayo Wareno waliianza 1593, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Kwa hivyo kulikuwa na watu waliokuwa wanaingia majini maji ya bamvua yakipwa, wanachagua tumbawe, wanalikata, wanalipandisha. Walijua lipi bichi na lipi limekufa. Hao ndio wasomaji wa kwanza wa kile kitabu, hata kama walikisoma kwa shoka.

Wengine walishuka kwa sababu hawakuwa na hiari. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, watu wa Afrika Mashariki walichukuliwa utumwani hadi Oman na nchi za Ghuba, na wengi wa wanaume waliishia kwenye mashua za kutafuta lulu. Kazi ilikuwa hivi: kibano puani, jiwe mguuni la kukuvuta chini, kikapu shingoni, kamba mkononi mwa mtu aliye juu. Unashuka mita kumi au zaidi kwa pumzi moja, unaokota chaza, unatikisa kamba, unavutwa juu. Unarudia, makumi ya mara kwa siku, miezi ya joto yote. Lulu zilikwenda Bombay, Paris na New York. Biashara ilianguka mnamo 1930, lulu za kufugwa kutoka Japani zilipojaa sokoni na uchumi wa dunia ukaporomoka. Ukitafuta historia ya kupiga mbizi utapata majina ya Wazungu na mitungi yao. Hawa wa kwetu waliozama kwa pumzi, wengi hata majina yao hayakubaki.

Mtungi wenyewe ulikuja 1943. Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, afisa wa jeshi la maji Jacques-Yves Cousteau na injinia Émile Gagnan walitengeneza kifaa cha mdomoni kinachompa mpiga mbizi hewa pale tu anapovuta, kwa shinikizo linalolingana na kina alichofika. Kabla ya hapo, aliyetaka kukaa chini muda mrefu alivaa kofia zito la shaba na bomba linalofika hadi kwenye meli. Sasa mtu alikuwa huru. Mwaka 1956 filamu ya Cousteau kuhusu bahari ilishinda tuzo kubwa kule Cannes, kisha ikapata Oscar. Sehemu yake ilipigwa kwenye maji yetu haya ya Bahari Hindi, huko Shelisheli. Dunia nzima ikaona mwamba wa matumbawe kwa rangi.

Kuna kipande kwenye filamu hiyo ambacho watu wa siku hizi hushtuka wakikiona. Cousteau na wenzake wanalipua mwamba kwa baruti ili waokote samaki waliokufa na kuwahesabu. Kwa ajili ya sayansi. Mvuvi wa pwani akikamatwa na baruti leo anaitwa mharibifu, na ni kweli anaharibu, sitamtetea. Nasema tu kwamba kitendo kilikuwa kimoja, ila mmoja alipata jela na mwenzake alipata Oscar.

Filamu kama hizo, pamoja na ndege, zikaleta watalii. Kufika miaka ya 1960, Malindi na Watamu zilikuwa na hoteli, na watalii walipenda kurudi kwao na kumbukumbu: kombe, simbi, kipande cha tumbawe cha kuweka juu ya kabati. Biashara ikanoga, mwamba ukaanza kupungukiwa. Mwaka 1968 serikali ikatangaza hifadhi za taifa za baharini za Malindi na Watamu, za kwanza nchini. Kisite ikafuata miaka ya 1970, Mombasa ikaja 1986. Ndani ya hifadhi huvui, huokoti, hukati. Unaangalia tu.

Hapo ndipo mwamba ulipobadilika kazi. Kwa karne nyingi ulikuwa shamba, machimbo, barabara, na mahali pa kutambika. Sasa ukawa kitu cha kutazamwa, na kutazama kuna tiketi. Mvuvi ambaye babu yake alitega dema pale akaambiwa ahamie nje ya maboya. Aliyekuwa na mashua ya injini na vioo vya kuangalizia chini akaingia. Sisemi wazo lilikuwa baya. Nasema gharama yake haikugawanywa sawa.

Na usawa wa stori unanidai niseme upande wa pili, kwa sababu hifadhi ilifanya kazi. Tangu miaka ya 1980 mwanasayansi Tim McClanahan na wenzake wamekuwa wakilinganisha mwamba uliohifadhiwa na ule unaovuliwa. Chukua samaki mmoja, kikande. Kikande hula wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, wale ukiwakanyaga siku imeisha. Mkivua kikande wote, wenye miiba wanazaana bila mpaka, na wao kazi yao ni kukwangua mwamba. Baada ya muda mwamba unaliwa haraka kuliko unavyojengwa. Ndani ya hifadhi kikande walirudi na mwamba ukapumua. Hiyo ni kweli, na mvuvi anaijua pia, maana samaki wakiwa wengi ndani wengine huvuka mpaka.

Lakini watu hawali kweli ya jumla. Mwaka 1995 serikali ilipotangaza hifadhi nyingine, ya Diani na Chale, wavuvi walikataa kata kata. Walikuwa wameshaona Mombasa. Hifadhi hiyo ikabaki kwenye karatasi.

Mimi mwenyewe nilishuka kwa mara ya kwanza Watamu, kwa pesa za kazi ya kutafsiri niliyolipwa baada ya miezi minne ya kufuatilia. Bei ya asubuhi moja ilizidi kodi yangu ya mwezi. Kwenye mashua tulikuwa sita: Wataliano wanne, mwalimu, na mimi. Nilikuwa mteja Mkenya wa kwanza wiki hiyo, mwalimu alinieleza kwa furaha ya kweli. Nahodha alikuwa mzee wa Kibajuni mwenye kofia nyeupe, mkono mmoja kwenye usukani, hasemi sana.

Chini, kitu cha kwanza kinachokushangaza ni sauti. Yako mwenyewe, kwanza: hewa inaingia kama mtu anayenusa, inatoka kwa mapovu. Halafu unasikia mwamba. Una mlio kama mafuta yanayokaangika mbali. Na juu ya huo mlio, kuna kutafuna. Pono, wale samaki wenye mdomo kama wa kasuku, walikuwa wanauma tumbawe, kwa sauti kabisa, kama mtoto na karoti. Wanachotafuta ni majani madogo yaliyoota juu yake. Chokaa inasagwa tumboni na kutoka nyuma ikiwa mchanga. Sehemu kubwa ya ule mchanga mweupe wa kwenye kadi za posta ni mavi ya pono. Hiyo ni sayansi, si matusi.

Kisha nikaliona. Tumbawe la mviringo, rangi ya haradali, kubwa kama matatu ya abiria kumi na wanne. Mwalimu alionyesha kwa mkono ishara ya "endelea", kulikuwa na kasa mbele na wote walitaka picha ya kasa. Nilibaki nyuma kidogo. Nilihesabu kichwani: mita mbili na kitu kwenda juu, sentimita moja kwa mwaka. Chini kabisa, pale lilipoanzia mchangani, palikuwa kabla ya reli, kabla ya neno Kenya kuandikwa kwenye ramani yoyote. Ngozi ya juu ilikuwa ya mwaka huu.

Tuliporudi juu, mwalimu alitupitisha kwenye kitabu cha picha za samaki, majina kwa Kiingereza na Kitaliano. Nikamsogelea nahodha.

"Mzee, huyu mwenye mistari myeusi na manjano mnamwitaje?"

"Huyo? Kitatange." Akaangalia ukurasa kwa mara ya kwanza. "Na huyu tewa. Huyu kikande. Huyu changu, lakini hivyo walivyompiga picha hatamaniki."

"Wewe umeshawahi kushuka na mtungi?"

Akacheka. "Mwanangu, mimi nimeshuka na pumzi yangu. Tangu mdogo. Hiyo mitungi ni ya wageni, mimi nawapeleka tu."

Miaka arobaini anawapeleka. Anajua kila mlango wa mwamba, anajua kusi ikianza maji yanachafuka vipi na kaskazi ikivuma yule udongo wa Sabaki unashuka upande gani. Hayo ya udongo nilikuwa nimeyasoma kwenye makala ya kisayansi: kaskazi husukuma maji ya mto kuelekea kusini, juu ya mwamba wa Malindi, kusi huyarudisha kaskazini. Yeye alinieleza kwa kuonyesha kidole, bila makala.

Kumbe basi maarifa yalikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mlango kati ya anayejua na anayeandika.

Na muda wa kufungua huo mlango unaisha. Mwaka 1998 El Niño ilipasha joto Bahari Hindi. Ndani ya kila tumbawe huishi mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, inayolilisha kwa nguvu ya jua na kulipa rangi. Maji yakizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa digrii moja tu, kwa wiki kadhaa, tumbawe hufukuza ile mimea na kubaki jeupe. Joto likirudi upesi, linaweza kupona. Lisiporudi, linakufa njaa. Mwaka ule, sehemu nyingi za mwamba wa Kenya zilipoteza nusu ya matumbawe yao, nyingine hadi asilimia 90. Ndani ya hifadhi na nje ya hifadhi, joto halikuuliza tiketi. Weupe ulirudi 2016. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo kwenye tukio la nne la matumbawe kuwa meupe kila bahari.

Watu husikitika kwa sababu ya rangi na utalii. Mimi nasikitika pia kwa sababu nyingine. Tumbawe lililokufa haliandiki tena. Pono wanalitafuna, mawimbi yanalivunja, na kurasa zinakwenda kuwa mchanga. Hatuna picha za Ukambani za mwaka 1750. Hatuna vipimo vya joto la bahari vya 1801. Watafiti wengine walivipata kwa kusoma miaka 194 ya tumbawe lingine la Malindi. Kila tumbawe kubwa likifa ni kama chumba cha kumbukumbu kuungua kabla hata hatujajua kilikuwa na nini.

Sijaandika haya ili tulie. Kuna watu wetu wameshaanza kushuka. Ile meli ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyozama chini ya Fort Jesus mwaka 1697 Waomani wakiwa wameizingira ngome, ilichimbuliwa kati ya 1977 na 1980, kazi iliyoongozwa na wataalamu kutoka nje. Vitu vyake viko kwenye makumbusho pale ngomeni. Miongo mitatu baadaye, kwenye mabaki ya meli nyingine huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, aliyeongoza upande wetu alikuwa Mkenya, Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa, mwanaakiolojia wa chini ya maji. Ndani yake walipata pembe za ndovu na shaba, na wataalamu wanadhani huenda ni ya Wareno wa karne ya 16. Mwenyeji ameshika mwenyewe kalamu.

Kuruwitu, kule Kilifi, wavuvi hawakungoja serikali. Katikati ya miaka ya 2000 walikaa chini, wazee kwa vijana, wakatenga hekta kama 30 za mwamba wao wenyewe na kukubaliana hakuna kuvua humo. Mpaka ulikuwa ule ule wa maboya, lakini safari hii walioupanga ndio walioulipia, na samaki walirudi. Na Mkwiro, kisiwani Wasini, vijana wa kijiji wamejifunza kuzamia na mitungi na wanafunga vipande vya matumbawe kwenye fremu za chuma chini ya maji, kimoja kimoja, kama mtu anayeotesha miche. Haitaokoa bahari nzima, joto likiendelea hivi. Lakini pale mtungi umeacha kuwa wa wageni.

Na sisi wa bara? Si lazima kila mtu avae mapezi ya mpira. Lakini tunaweza kuacha kufikiri kwamba mwamba ni mandhari ya likizo ya Desemba, kitu cha Wapwani na watalii, kisichotuhusu tukisharudi na SGR. Tulikuwa tunautumia barua muda wote. Mwisho wa 2023 El Niño ilinyesha mpaka Athi ikavunja kingo. Aprili na Mei 2024 ikanyesha tena. Mathare ikasombwa, watu wakafa, na baada ya maji kupungua tingatinga zikaja kumalizia nyumba zilizobaki kando ya mto. Tume zitaandika ripoti, au hazitaandika. Ule udongo, pamoja na kila kilichokuwa ndani yake, ulishapita Dandora, Yatta, Tsavo, ukafika Mambrui. Kama lile tumbawe la Malindi lingali hai, mstari wa mwaka huo limeshaujenga.